Kwa Nini Tulirudisha Chemko

Mpangaji muziki hana jina hewani. Mtangazaji husalimiwa sokoni, msoma taarifa huombwa awe mshereheshaji wa harusi, hata fundi mitambo watu humwona akipanda mnara. Mimi nilikaa chumba cha nyuma pamoja na kompyuta, rafu za kaseti, santuri na CD, na kazi yangu ilikuwa kuamua wimbo upi uufuate upi. Nimeifanya Tanga, katika kituo cha mkoa ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa waliokiuza na waliokinunua wote bado tunasalimiana. Nilikikuta kichanga, nikakiona kikipanda, kisha nikakiona kikivuliwa jina, nembo, jingo na tabia. Habari za mageuzi ya redio kwa kawaida husimuliwa na wamiliki na watu wa masoko. Sisi wa chumba cha nyuma hatuulizwi, ndiyo maana naandika.

Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, redio Tanzania Bara ilikuwa ya serikali. Nyumbani tulisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa vile Tanga ni mwambao, tulivuta pia Sauti ya Tanzania Zanzibar kwa ajili ya taarabu, na Mombasa mawimbi yalipokubali. Radio One ikaanza Dar es Salaam mwaka 1994, vituo vya FM vikafuata, na Bongo Fleva ikapata pa kukaa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu kila aliyepata masafa alikuwa anawakimbilia vijana. Mwanzilishi wetu, mfanyabiashara aliyechoshwa na redio za kumfokea, aliona upande mwingine umeachwa wazi. Alitaka redio ya mtu mzima: unaiwasha asubuhi unapofungua duka, unaizima jioni unapofunga, na katikati haijakuudhi.

Mji wenyewe ulimpa sababu. Tanga ndiko walikotoka Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndiko Black Star Musical Club walikoiingiza taarabu kwenye magitaa, Lucky Star wakafuata na sauti ya Shakila binti Saidi. Waliocheza muziki ule ujanani walikuwa hai bado, wengi wao pale pale Ngamiani, na hakuna redio iliyokuwa ikiwapigia kutwa nzima. Walipewa saa moja ya zilizopendwa Jumapili, basi.

Tukawapa siku zote saba. Asubuhi rumba ya taratibu, kuanzia saa tatu dansi la zamani, alasiri taarabu asilia, saa kumi salamu, usiku kantri. Msomaji wa mbali atacheka kusikia kantri, lakini Jim Reeves, aliyefariki mwaka 1964 kwa ajali ya ndege, ana watu wake Muheza na Korogwe hadi leo, na ole wako umsahau Jumapili. Ijumaa kabla ya sala tulishuka kwenye kaswida. Mwezi wa Ramadhani orodha nzima ilibadilika, na mwezi huo kwa hakika ndio tuliosikilizwa kuliko wote.

Watu hudhani muziki laini ni kazi laini. Redio ya vijana ina nyimbo zilizotoka studio za jana, zote zina nguvu moja ya sauti, unaziunganisha hata ukiwa na usingizi. Mimi nilikuwa na rekodi za Redio Tanzania za miaka ya 60 hadi 80, nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka kaseti kwenda kaseti mpaka mwimbaji akasikika kama yuko ndani ya mtungi. Kaseti nyingine zilikuwa zimevutika, wimbo ukashuka mwendo na gitaa likapoteza tyuni. Santuri za mwendo wa 45 zilikuwa na tatizo lake: upande mmoja haukutosha wimbo wa dansi, kwa hiyo walioutengeneza waliukata katikati, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Ukipata nakala kwa mtu, mara nyingi ameurekodi upande mmoja tu. Niliutafuta upande wa pili Makorora, Chumbageni, hadi Pangani, kisha nikauunganisha kwa mkono pale ngoma inapoanguka, msikilizaji asijue kwamba kulikuwa na mkato. Nyimbo za aina hiyo nilizishughulikia mamia. Hakuna aliyewahi kunipongeza kwa mshono asiousikia, na sikutaka apongeze.

Sasa niseme kuhusu chemko, maana ndilo kiini cha yote. Wimbo wa dansi wa Kitanzania una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, mwimbaji anasimulia: ameachwa, ametapeliwa, amesafiri akarudi akakuta mambo yamebadilika. Baada ya hapo gitaa la solo linabadilisha mwendo, tarumbeta zinaingia, waitikiaji wanajibizana na kiongozi, hapo ndipo wimbo umechemka. Asiyeujua muziki huu hudhani chemko ni la kuchezea tu na hadithi imekwisha. Mara nyingi hadithi humalizikia humo humo. Aliyeachwa anaomba radhi, au anakataa kuomba, au marafiki wanamwambia waziwazi kwamba kosa ni lake. Wimbo mzima unakwenda dakika saba, nane, hata kumi. Taarabu ndiyo usiseme.

Nguzo yetu ya pili ilikuwa salamu. Kijana aliyekua na simu mkononi huenda hajui kadi ya salamu ilikuwa nini. Ilikuwa karatasi ngumu iliyochapwa, unainunua dukani, unaandika jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha unaowasalimu, unaweka ujumbe na wimbo unaoutaka, unaipeleka kituoni au unampa utingo wa basi akuletee. Wapenzi wa salamu walikuwa na vyama vyao, majina yao ya hewani na sare zao. Walizikana. Sisi tulizisoma kadi zile saa kumi hadi saa kumi na mbili, jina baada ya jina, na wimbo katikati. Kadi zilituingizia fedha kidogo. Faida yake kubwa ilikuwa nyingine: zilikuwa takwimu zetu. Hatukuwa na uwezo wa kulipa kampuni ya utafiti, lakini mimi niliandika kila kadi kwenye daftari: imetoka wapi, imeomba wimbo gani. Kadi za Handeni zilipopungua, fundi mitambo alijua aende akaangalie antena. Kadi za Lushoto hazikuwahi kuwa nyingi, kwa sababu milima ya Usambara inaziba mawimbi ya FM, na bonde lililo nyuma ya mlima halisikii kitu hata uongeze nguvu vipi.

Kwa mtindo huo kituo kikapanda. Miaka ya mwanzo matangazo yalikuwa haba mno, mishahara ikawa ya kuombana subira. Kisha wakaja wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye mabasi, wenye nyumba za wageni. Hawa hawakushawishiwa na afisa masoko yeyote. Walitangaza kwetu kwa sababu redio iliyokuwa ikilia dukani kwao kutwa ilikuwa yetu. Ukiingia kwa fundi cherehani Barabara ya kumi na kitu, kwa kinyozi, kwenye meza ya muuguzi wa zamu ya usiku, ulitukuta tunaendelea polepole.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mwanzilishi alichoka, akauza. Wanunuzi walikuwa na fedha na haraka. Walimleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, naye, nisimwonee, hakuwa mjinga. Alituonyesha kwamba matangazo makubwa, ya simu, ya bia, ya benki, hununuliwa na wakala walioko Dar, na wakala hao hununua umri. Wanataka vijana na watu wa makamo ya kwanza. Hawamtaki mzee wa Ngamiani hata akisikiliza saa kumi na mbili kwa siku, kwa sababu wanaamini ameshachagua sabuni yake na benki yake. Kwa hiyo, akasema, kituo kibaki laini lakini kiwe kijana. Jina libadilike, liwe la Kiingereza na lenye upole ndani yake.

Alikuwa na mfano wa London. Kule kulikuwa na Jazz FM, iliyoanza mwaka 1990. Kampuni iliyoinunua ikaona jazi hailipi, ikaanza na kituo ndugu cha Manchester mwaka 2004, kisha London mwaka 2005, vyote vikaitwa Smooth FM na kupiga muziki wa kuburudisha watu wazima. Leseni iliendelea kudai saa 45 za jazi kwa wiki, nao wakaipeleka jazi usiku. Mtaalamu aliona hapo ushindi. Mimi niliona wapenzi wa jazi wamehamishiwa saa za kulala. Nikamuuliza kama ana mfano wa karibu, maana mimi nilikuwa nao: Nairobi, Nation FM iliyoanza mwaka 1999 iligeuzwa ikaitwa Easy FM, kisha ikarudishiwa jina la Nation FM. Baadaye, mwaka 2016, wenye nayo walitangaza kuifunga. Kikaoni mwisho huo haukuwa umetokea bado, lakini kule kwenda na kurudi peke yake kulitosha kumfanya mtu ajiulize.

Kwa kuwa nimetajwa kuwa mpinzani wa jina jipya, niweke sawa. Jina halikunikera. Sisi watu wa dansi tumezoea majina kubadilika. Bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA bendi ikawa JUWATA Jazz, chama kilipokuwa OTTU ikawa OTTU Jazz. Wachezaji hawakubabaika, kwa sababu walikuwa wakienda kucheza Msondo, na Msondo ni mtindo. Mlimani Park ni Sikinde, Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa Masika. Mwishowe hata bendi yenyewe ya chama ikajiita Msondo Ngoma, jina likaufuata mtindo. Redio ya taifa pia imebadilishiwa majina tangu ilipoanza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, leo ni TBC Taifa, na wazee wengi wanaiita RTD na wanaisikiliza vilevile. Hoja yangu kikaoni ilikuwa moja tu: badilisheni jina mpendavyo, mtindo uacheni. Niliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa nimetoa maoni.

Jina lenyewe lilituletea kichekesho. Redio za magari huonyesha jina la kituo kwenye kioo kidogo, na mfumo huo hubeba herufi nane kwa mara moja, nafasi ikiwamo. Jina jipya lilikuwa refu zaidi. Mabango yalikuwa yameshachapwa. Kwa wiki kadhaa madereva wa Tanga waliona nusu ya neno la Kiingereza ambalo halina maana yoyote, mpaka fundi mitambo akalifupisha kwa akili yake mwenyewe.

Yapo mazuri waliyoyaleta, nayo niyaseme kabla sijafika kwenye kilio. Mishahara ilitoka tarehe iliyosemwa. Mtambo ulibadilishwa, antena ikapandishwa, Pangani wakatusikia bila mkwaruzo. Maktaba yangu iliingizwa yote kwenye kompyuta kwa mashine nzuri, kazi ambayo mwanzilishi aliiahidi miaka yote bila kuifanya. Kama wangeishia hapo ningewaombea dua.

Lakini zilikuja kanuni. Wimbo usizidi dakika nne, ili saa moja ibebe nyimbo nyingi na mapumziko mengi ya matangazo. Salamu zifutwe, zinanuka kijiji. Matangazo ya vifo yasisomwe ila yamelipiwa, tena kwa sekunde thelathini, kana kwamba ukoo wa watu wa Digo unaweza kutajwa kwa sekunde thelathini. Na mashine ya kuchakata sauti, ile inayokaa mwishoni kabla mawimbi hayajaondoka, ipandishwe ili tusikike na nguvu kama vituo vya vijana. Hili la mwisho lilipita bila mtu kulijadili, nalo lilikuwa na madhara makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Mashine hiyo hunyanyua kila kilicho chini na kukandamiza kila kilicho juu. Kwenye Bongo Fleva husikii tofauti. Kwenye rekodi ya zamani ya taarabu, kodiani inapotulia, mashine inavuta juu mvumo wa kaseti na pumzi za waimbaji, halafu sauti ikirudi inaisukuma chini. Sikio halijui limeudhiwa na nini, ila baada ya nusu saa limechoka. Tulikuwa redio ya kuacha wazi. Tukawa redio ya kuzima.

Kanuni ya dakika nne ikaniangukia mimi. Kompyuta ilipangiwa kuufifisha wimbo wenyewe ukifika muda. Dakika nne katika wimbo wa dansi ni pale pale gitaa linapojiandaa kubadilisha mwendo. Kwa hiyo kila wimbo wetu ulisimulia shida ukaondoka. Mama mmoja wa Mikanjuni alinipigia simu ya ofisini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaniambia, "Mwanangu, yule bwana mmemkata kabla hajaomba radhi. Mbona mnatuachia ugomvi nyumbani?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikampelekea meneja ujumbe wake kama ulivyo.

Meneja alidhani tutapata malalamiko mengi kisha yatapoa. Hatukupata mengi. Msikilizaji wa muziki laini hagombi na redio. Simu zilipungua, basi. Madereva wa mabasi ya Lushoto na Korogwe walianza kuchomeka flashi zao, na ndani ya flashi hizo kulikuwa na nyimbo zilezile za kwetu, nzima, na chemko lake. Nilizifahamu kwa mishono yangu. Nilipanda basi kwenda Muheza nikasikia wimbo niliouunganisha mwenyewe ukipita pale kwenye mkato, ukaenda hadi mwisho. Mtu wa ndani aliwauzia vijana wa kujaza flashi maktaba yetu, na sikumtafuta ni nani.

Yale matangazo makubwa yalikuja, msimu mmoja. Kisha wakala wa Dar wakafanya hesabu yao. Kijana wa Tanga wanayemtaka anasikiliza vituo vya kitaifa, ambavyo vinafika Tanga bila shida, kwa hiyo kwa nini walipie mara mbili? Wakaondoka. Tukageuka kuwatafuta wenye vifaa vya ujenzi na wenye mabasi, tukakuta nao wameshahama, kwa sababu wenyewe walikuwa wasikilizaji kabla ya kuwa wateja. Hapo ndipo mtaalamu wetu alipokosea, kwa maoni yangu. Alimpima msikilizaji kwa kile ambacho tangazo la Dar lingemuuzia, hakuona kwamba huyohuyo mzee anayesikiliza kutwa ndiye mwenye duka anayenunua tangazo la Tanga.

Aliyetutoa shimoni ni meneja mpya, dada aliyekulia chumba chetu cha habari na ambaye mama yake alikuwa mpenzi wa salamu. Hakutangaza mapinduzi. Aliniambia nichukue Jumapili usiku, nipige nyimbo nzima, aone. Baada ya muda akanipa na Jumamosi. Mashine ya sauti akaishusha siku moja asubuhi bila kumwandikia mtu barua. Salamu zikarudi saa kumi, safari hii kwa ujumbe wa simu na sauti za WhatsApp, na vyama vya salamu vikafufuka kana kwamba vilikuwa vimekaa kituo cha basi vikingoja. Matangazo ya vifo yalirudi na majina ya ukoo. Sharti la dakika nne halikufutwa rasmi hadi leo. Limeachwa tu, kama kanuni nyingi nchini.

Jina la Kiingereza limebaki. Hakuna aliyedai la zamani, ingawa Ngamiani wengi wanatuita hivyohivyo. Mapato hayajafika pale yalipokuwa kabla ya kuuzwa, kwa sababu flashi na simu hazikurudi nyuma, wala hazitarudi. Lakini wenye mabasi wawili wakubwa wamerejea, na mmoja wao aliweka sharti kwenye mkataba kwamba tangazo lake lisiingizwe kati ya wimbo na chemko lake. Mwanasheria wa kampuni aliuliza chemko ni nini.

Kwa anayefikiria kununua kituo cha mkoa, iwe Tanga, Kigoma au Lindi: nembo na mabango utayapata wakati wowote. Kabla hujamlipa mtaalamu, omba daftari la salamu ulisome, kisha mwite mpangaji muziki aliye chumba cha nyuma umuulize wimbo gani hauruhusiwi kukatwa. Atakuwa na majibu, na hatakutoza.